Video Inapokwama Skrini Ikijaa

Katika nyumba za Malindi, Watamu na Kilifi, video inayokwenda vizuri ndani ya kidirisha kidogo cha kompyuta huanza kukwamakwama na kumeguka miraba mara tu inapotandazwa kwenye skrini nzima, na lawama huiangukia intaneti kabla ya kitu kingine chochote kuchunguzwa. Lawama hiyo ina asili yake: tangu Kenya ilipozima matangazo ya televisheni ya analojia mwaka 2015, watazamaji wamezoea kuona picha ikivunjika vipande kila antena inapopokea mawimbi dhaifu, nao wamehamishia fikra hiyo kwenye kompyuta, ingawa mitambo hiyo miwili haifanyi kazi kwa njia moja.

Matangazo ya televisheni hayarudiwi, hivyo data iliyopotea njiani imepotea, ilhali kompyuta inayopokea video ya mtandaoni huomba tena kilichokosekana na kukisubiri. Upungufu wa mtandao, kwa hiyo, huonekana kama kiduara kinachozunguka, sauti na picha zikiwa zimesimama pamoja, au kama picha iliyofifia kwa sababu tovuti imeshusha ubora. Video ya pikseli 640 kwa 360, pikseli zikiwa ni nukta za rangi zinazounda picha, ina nukta 230,400, na ikitandazwa kwenye skrini ya 1920 kwa 1080 kila nukta hulazimika kujaza nafasi ya nukta 9, jambo linaloifichua miraba ambayo kidirisha kidogo kiliificha.

Dalili ya aina nyingine ni sauti kuendelea bila kukatika huku picha ikirukaruka, na hapo mashine ndiyo ya kutazamwa, kwa maana data imefika lakini haifumuliwi kwa wakati. Skrini inapojaa, tovuti nyingi hupandisha ubora zenyewe, na picha 25 kwa sekunde katika kiwango cha 1080 ni nukta zaidi ya milioni 51 za kuchora kila sekunde. Kompyuta za kisasa zina sehemu maalumu ya kufumua kodeki, yaani kanuni inayotumika kuibana video, lakini kompyuta kuukuu zilizokwisha kutumika ng'ambo, ambazo ndizo familia nyingi humudu, huweza kuifahamu kodeki ya H.264 ya mwaka 2003 bila kuwa na sehemu ya kufumua VP9 ya mwaka 2013 wala AV1 ya mwaka 2018, na mzigo wote huielemea prosesa peke yake.

Jaribio la kutenganisha mambo haya halina gharama: faili ya video iliyokwisha kuhifadhiwa kwenye diski ichezwe kwenye skrini nzima, intaneti ikiwa imezimwa. Ikikwama hapo, mtandao hauna hatia, na fundi anayeshauri kununua kumbukumbu mpya kabla ya jaribio hili anabahatisha kwa pesa za watu. Mara nyingine kisa ni chepesi zaidi, kwani Windows ikipachikwa upya bila programu endeshi ya kadi ya picha, kompyuta hutumia ile ya dharura iitwayo Microsoft Basic Display Adapter, ambayo huchora skrini lakini haisaidii kufumua video.

Pwani ina adui wake pia, na huyu hapewi uzito anaostahili. Katika joto la msimu wa kaskazi, feni iliyoshikwa na vumbi lililoganda kwa unyevu wa chumvi haiwezi kupoza prosesa, nayo hupunguza kasi yake ili isiungue, ndiyo sababu video iliyoanza vizuri huharibika baada ya muda. Feni ikishasafishwa na programu endeshi ikishawekwa, mashine ambayo bado inashindwa ichaguliwe ubora wa 720 au 480 kwa mkono badala ya kuiachia tovuti iamue, kwa kuwa picha hafifu kidogo inayotembea sawasawa hutazamika, na bando nalo hudumu zaidi.