Urefu wa Mtutu: Maelezo kwa Mnunuzi wa Bunduki ya Marisau

Hotuba kwa wakulima na wafugaji wa Wilaya za Mbulu na Hanang



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo muuzaji huligusia kwa sentensi moja na mnunuzi hulilipia kwa fedha nyingi, nalo ni urefu wa mtutu wa bunduki ya marisau, ile tuliyozoea kuiita shotigani. Sikuja kumshawishi mtu yeyote anunue silaha. Naamini wengi waliomo humu hawaihitaji. Lakini yupo anayelima pembezoni mwa msitu wa Marang au wa Nou, au kwenye miteremko ya Mlima Hanang, ambaye kila msimu nguruwe pori na nyani humwachia mabua matupu. Mtu huyo akiisha kuamua kufuata njia ya kisheria, anastahili kujua anacholipia.

Kauli itakayomfikia kwanza ni kwamba mtutu mrefu hupiga mbali. Kauli hiyo haikuzuliwa hivi hivi. Wazee waliowahi kuliona gobole wanakumbuka baruti nyeusi na moshi wake. Baruti ile iliungua polepole, na ilihitaji mtutu mrefu ili imalize kazi yake kabla risasi haijatoka. Baruti ya siku hizi haina moshi mwingi na huungua kwa kasi. Sehemu kubwa ya msukumo wake hupatikana katika sentimita 30 hivi za kwanza. Marisau hutoka mdomoni kwa mwendo wa takriban mita 370 hadi 400 kwa sekunde, na kila inchi moja ya mtutu inayoongezwa huleta nyongeza ya mita 2 au 3 tu. Basi aliyeacha mtutu wa inchi 26 akachukua wa inchi 30 amepata nyongeza ndogo mno, ambayo nguruwe aliye umbali wa mita 30 hawezi kuitambua. Ikiwa bei imepanda kwa sababu hiyo peke yake, mnunuzi amelipia hewa.

Kinachoamua jinsi marisau yatakavyosambaa ni kitu kingine, nacho ni mbano ulio kwenye sentimita chache za mwisho za mtutu, ambao mafundi huuita choki. Mtutu usio na mbano, ukipigwa kwa umbali wa mita 36 hivi, huingiza takriban asilimia 40 ya marisau katika duara la upana wa sentimita 76. Mtutu wenye mbano kamili huingiza takriban asilimia 70. Tofauti hiyo ni kubwa, na haitegemei urefu hata kidogo: bunduki fupi yaweza kuwa na mbano kamili, na ndefu ikawa haina. Muulizeni muuzaji juu ya mbano kabla ya kumwuliza juu ya inchi. Asipojua jibu, hiyo pia ni habari ya kumfaa mnunuzi.

Je, urefu hauna maana basi? Unayo, ila maana yake imo mikononi na mabegani, na masikioni pia. Mtutu mrefu huweka uzito mbele, na bunduki iliyoanza kumfuata ndege arukaye huendelea na mwendo wake bila kusitasita. Huyo ndiye rafiki wa mtu wa tambarare za Basotu, penye mashamba mapana ya ngano na macho yanayofika mbali, anayewinda kanga kwa kibali. Inchi 28 au 30, yaani sentimita 71 au 76, zinamfaa. Kwa mtu wa Mbulu juu, ambaye shamba lake limeinama kama paa la nyumba na mahindi yamefika usoni, mtutu kama huo hugonga mabua na kuchelewa kugeuka. Kwake inchi 24 hadi 26 zinatosha kabisa. Mwenye mwili mdogo afikirie hivyo hivyo, kwa maana bunduki iliyomlemea mbele humchosha mkono, na mkono uliochoka haulengi.

Chini ya hapo sishauri. Bunduki ya inchi 18 au 20 hutengenezwa kwa ajili ya walinzi. Mlio wake huwa karibu zaidi na uso wa mpigaji, na usiku mwako wa mdomoni humpofusha kwa muda. Sikio lililoharibiwa na milio ya bunduki halirudi katika hali yake, wala hakuna dawa ya kulirudisha. Hata mwenye mtutu mrefu avae vizibo vya masikio.

Tahadhari moja katika kulinganisha: bunduki ya kukokiwa kwa mkono, au ile inayojikoki yenyewe, ina mtambo mrefu nyuma ya mtutu. Ya inchi 26 ya aina hiyo hukaribia kulingana kwa urefu wote na ile ya kukunjwa yenye mitutu miwili ya inchi 30. Usilinganishe namba zilizoandikwa kwenye boksi. Iinue ile bunduki begani, dukani, na ujue inavyokaa.

Kupima mtutu ni kazi rahisi, na muuzaji mwaminifu hataikataa. Kwanza bunduki ifunguliwe, na nyote wawili mhakikishe kwa macho kwamba haina risasi. Kisha ifungwe. Ingiza fimbo nyembamba ya mti kutoka mdomoni hadi iguse mwisho, weka alama mahali pa mdomo, itoe, uipime kwa futikamba. Chumba cha risasi nacho huhesabiwa katika urefu huo.

Hicho chumba cha risasi ndicho ningependa mkitazame kuliko mtutu wenyewe, kwa sababu hapo ndipo watu huumia. Bunduki nyingi za zamani za Ulaya zina chumba cha milimita 65. Za kisasa zina milimita 70 au 76. Urefu ulioandikwa kwenye boksi la risasi ni urefu wa ganda baada ya kupigwa na kufunguka mdomo wake. Kwa hiyo risasi ya milimita 76 yaweza kuingia katika chumba cha milimita 70 bila kipingamizi, ikafungwa, na yule anayeishika asishuku kitu. Ikipigwa, ganda hukosa nafasi ya kufunguka, shinikizo hupanda, na mtutu waweza kupasuka karibu na mkono wa kushoto. Jambo la pili linafanana na hilo: risasi ndogo ya geji 20 ikiingizwa katika bunduki ya geji 12 huteleza ikakwama mbele ya chumba. Mtu hudhani hakutia kitu, huongeza ya geji 12 nyuma yake, na hapo mtutu hupasuka. Ndiyo maana risasi za geji 20 kwa desturi hutiwa rangi ya manjano. Usichanganye aina mbili mfukoni mwako kamwe.

Kuhusu bunduki za urithi, ambazo kaya kadhaa wanazo tangu enzi za ukoloni: leseni haiendi pamoja na shamba na ng'ombe. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, leseni ni ya mtu aliyepewa, na mwenye leseni akifariki silaha ipelekwe Polisi, kisha mrithi aombe kwa jina lake. Mitutu ya kale yenye michirizi kama ya mbao ilitengenezwa kwa baruti nyeusi. Msitie humo risasi za kisasa kabla ya fundi anayetambuliwa kuikagua.

Kuna pia wanaoshauriwa wakate mtutu ili bunduki iwe nyepesi. Msumeno huondoa ule mbano niliousema, kwa kuwa uko mwishoni, na bunduki iliyonunuliwa kwa bei kubwa hubaki ikitawanya marisau ovyo. Zaidi ya hayo, silaha iliyokatwa hailingani tena na maelezo yaliyosajiliwa, na mwenye nayo atakuwa na kazi ya kujieleza. Dola nyingi huichukulia bunduki fupi kwa uzito: nchini Marekani shotigani yenye mtutu chini ya inchi 18 huwekewa masharti makali zaidi, na Uingereza kiwango hicho ni inchi 24.

Nisisahau umbali. Kwamba marisau hayaui mbali hakumaanishi kwamba hayafiki mbali. Yale madogo ya ndege husafiri zaidi ya mita 200. Yale makubwa ya nguruwe hupita mita 600. Katika vijiji vyetu vya juu, mita 600 kutoka shambani ni nyumba ya jirani, kisima, na watoto wanaochunga. Piga kuelekea chini, penye udongo nyuma ya shabaha, au usipige.

Wala leseni ya bunduki si leseni ya kuwinda. Wanyamapori wanalindwa na Sheria Na. 5 ya mwaka 2009. Mnyama akiharibu mazao, taarifa ifike haraka kwa serikali ya kijiji na kwa ofisa wanyamapori wa wilaya, kabla nyayo hazijafutika, kwa sababu maombi ya kifuta jasho huhitaji ushahidi. Kwa tembo, shotigani ni njia ya kumkasirisha tu. Kwa kwelea kwelea katika ngano, ni kupoteza risasi. Makundi yale hudhibitiwa na wataalamu wa serikali.

Basi mpangilio uwe huu: kibali cha Polisi kwanza, malipo baadaye, kwa maana aliyelipa kabla ya kibali huenda akanyimwa silaha na kusumbuka kurudishiwa fedha. Siku ya kulipa, dai risiti ya mashine, nayo iandikwe aina ya bunduki, namba yake, geji, urefu wa chumba cha risasi, urefu wa mtutu na mbano wake. Muuzaji akisema mambo hayo hayaandikwi, mwombe karatasi, uyaandike mwenyewe, naye atie sahihi.