Kifungo Hakiondoi Utu



Tumekutana kuwakumbuka akina mama ambao tarehe 28 Februari 1992 waliketi Uhuru Park, Nairobi, wakagoma kula, wakidai wana wao waliofungwa kwa sababu za kisiasa waachiliwe. Tarehe 3 Machi polisi waliwashambulia kwa virungu na gesi ya kutoa machozi. Kanisa Kuu la All Saints likawapokea, wakakaa humo takriban mwaka mmoja. Kufikia mapema 1993, wengi wa wana wao walikuwa wameachiliwa.

Sisi mawakili tulijifunza kwao kwamba sheria isiyo na wa kuidai ni maandishi tu. Leo Kifungu cha 51 cha Katiba ya 2010 chasema mfungwa hubaki na haki zake zote, isipokuwa zile zisizopatana na kufungwa kwake. Mwaka huo huo wafungwa wa Shimo la Tewa walidai mahakamani haki ya kupiga kura ya maoni, wakaipata.

Hata hivyo, yuko mahabusu ambaye dhamana imemshinda, kesi yake yaahirishwa kila mara, wala hana wakili. Tukimsahau kwa kuwa si mwanasiasa, tutakuwa tumewasaliti wale akina mama.

Kwa hiyo kila kanisa na lijiulize: ni nani wetu aliye ndani, na kesi yake itatajwa lini? Siku hiyo twendeni mahakamani, tuketi, tusikilize.