Gari Lililogongwa: Litengenezwe au Yauzwe Mabaki?



Gari likigongwa, mwenyewe huuliza kwanza: "Litatengenezeka?" Mafundi wetu ni hodari, na karibu kila gari hutengenezeka. Linalopasa kuulizwa ni iwapo matengenezo hayo yanastahili gharama yake.

Tuchukue mfano. Siku ya ajali gari lako lilikuwa na thamani ya shilingi milioni 12 sokoni, na fundi amekadiria matengenezo kuwa milioni 6. Wengi huishia hapo: 6 ni pungufu ya 12, basi litengenezwe. Wamesahau mambo mawili. Mabaki nayo yana mnunuzi. Tuseme kwa milioni 4. Tena gari lililopata ajali kubwa, hata likinyooshwa vizuri namna gani, halirudishi bei yake yote. Tuseme litauzwa milioni 10. Toa 6 katika 10, zinabaki 4, kiasi kilekile ambacho ungepata leo kwa kuuza mabaki. Na kwa dereva wa teksi, kila siku ya gereji ni siku isiyo na kipato.

Hizo 6 zenyewe ni makadirio ya macho. Hasara ghali hujificha nyuma ya bampa: chesisi iliyopinda, rejeta, nyaya. Kabla ya kutoa malipo ya awali, omba gari lifunguliwe, chesisi ipimwe, nawe upewe makadirio ya maandishi, kila kipuri na bei yake. Mifuko ya hewa iliyofyatuka ibadilishwe. Kufunika dashibodi na kuzima taa ya tahadhari si utengenezaji, ni ufichaji.

Mwenye bima kubwa asianze matengenezo kabla mtathmini wa kampuni hajaliona gari. Kampuni ikiamua kwamba limeharibika kabisa, fidia kwa kawaida hufuata thamani ya gari siku ya ajali, si bei uliyolinunulia. Na ukitaka kubaki na mabaki, thamani yake hukatwa katika malipo. Hapo ndipo penye mvutano. Uliza thamani zote mbili zimepatikanaje kabla ya kutia saini hati ya kukubali malipo, kwani saini hiyo ndiyo hufunga madai. Usiporidhika, iandikie kampuni kwanza. Jibu lisipotosheleza, peleka lalamiko lako katika Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, pamoja na hati ya bima, ripoti ya polisi, picha na makadirio ya fundi.