Donati za karanga bila sukari, kwa wenye kisukari na wanaowapikia

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Baraka, katika juma la siku ya kisukari duniani

Leo tunaongea juu ya beinye. Wengine wanacheka, lakini ngojeni kwanza.

Tangu tuvuke ziwa kurudi kutoka Lugufu na Nyarugusu, hatujawahi kufanya kikao bila chai na sahani ya kitu cha kutafuna. Kule Kigoma tulizoea kusema maandazi, hapa nyumbani watu wanasema beinye, ni kitu kile kile: unga ya ngano, sukari, hamira, mafuta. Sasa kati yetu kuko watu walioambiwa na muganga kwamba wana kisukari. Tunawaona. Sahani ikifika kwao wanaipitisha kwa jirani, ao wanakula moja haraka haraka na kuangalia chini. Wengine wameanza kukosa vikao. Ndiyo maana sisi wa kamati ya jikoni tulikaa na kutafuta kitu ambacho hata wao wataweza kukila mbele ya watu.

Kwanza tuondoe jambo moja linalodanganya wengi. Sokoni utasikia: "Mama, kamata hii, haina sukari, ni ya muhogo." Kweli, sukari hakuweka. Lakini unga ya muhogo karibu yote ni wanga, na wanga ukiingia tumboni unageuka sukari ndani ya damu. Katika gramu 100 za unga nyeupe ya ngano, karibu 75 ni wanga. Ya muhogo inapita 80. Mahindi nayo yako katika ukoo huo huo. Kijiko kimoja cha chai cha sukari ni gramu 4 tu, kwa hiyo ukitoa vijiko viwili na kuacha vikombe vitatu vya unga, umefukuza panya na kumwacha tembo ndani ya nyumba. Na asali? Asali ni sukari. Ndizi iliyoiva sana ya kutamisha, nayo ni sukari, hata kama imetoka kwenye shamba lako mwenyewe.

Karanga ni jambo lingine. Karibu nusu yake ni mafuta, robo ni ile protini ya kujenga mwili, na wanga wake ni mdogo. Soya vilevile, wanga uko lakini ni chini sana ya ngano. Basi tukaacha ngano kabisa.

Tunafanya hivi. Chagua karanga moja moja. Yenye ukungu, iliyojikunja ao yenye uchungu, tupa, usimpe hata kuku, kwa sababu sumu ya ule ukungu haitoki kwa kukaanga. Zilizo nzuri zikaange kidogo, toa maganda, acha zipoe kabisa, kisha twanga polepole na kuchekecha. Ukitwanga kwa hasira zinageuka siagi, na siagi haitengenezi donati. Soya ikaange vizuri mpaka ibadilike rangi, ndipo usage. Soya mbichi inazuia tumbo kufanya kazi yake.

Chukua vikombe viwili vya karanga, kimoja cha soya, chumvi kidogo, mdalasini kijiko cha chai, na bikarbonati kijiko cha chai, ile unga nyeupe ya kukuzia keki. Hamira weka pembeni: hapa hakuna sukari ya kuilisha wala ule mvutano wa ngano wa kushika hewa. Piga mayai manne mpaka yatoe povu, weka maji ya ndimu vijiko viwili vikubwa na maganda ya ndimu yaliyokwaruzwa, halafu changanya na unga. Ikiwa kavu, ongeza maji kijiko kimoja kimoja. Usikande. Na usiende kusalimia jirani, maana ndimu na bikarbonati vikikutana kazi inaanza pale pale.

Lowesha mikono, tengeneza kamba nene kama kidole gumba, unganisha ncha. Zinatoka 12. Lile tundu katikati si urembo tu, linasaidia moto ufike ndani mapema.

Sasa kuoka. Nani ana oveni hapa? Bamama walioishi kambini wanajua: sufuria kubwa, mchanga mkavu chini, funika, weka juu ya mbabula dakika kumi ipate moto. Panga donati kwenye sahani ya bati iliyopakwa mafuta, iingize, funika, kisha makala machache chini na mengi zaidi juu ya kifuniko. Dakika 20 hivi, ao 25. Choma kijiti, kikitoka kikavu, toa. Kuna aliyeuliza kama tunaweza kuzikaanga ndani ya mawese. Zinavunjika, na zinakunywa mafuta kama sifongo.

Kila moja ina wanga wa gramu 5 ao 6. Beinye ya ngano ya ukubwa huo, pamoja na sukari yake, inapita 20. Utamu wake? Tusidanganyane, si ule wa maandazi. Ni nzito, inanukia karanga na ndimu, na siku ya pili ni tamu kuliko ya kwanza. Mbili zinatosha, zinashibisha kweli kweli. Mtoto ambaye mwili wake unakataa karanga asiguse. Na bei iko juu kuliko ngano, kwa hiyo hatusemi mtu aanze kuziuza kwenye mlango wa shule.

Nyinyi mnaopika, sikilizeni hapa zaidi. Donati hii si dawa. Mwenye sindano ya insulini ao vidonge vya kushusha sukari kama glibenklamidi hawezi kukata wanga ghafla na kuendelea na dozi ile ile bila kumwambia muganga. Sukari inaweza kushuka mno: jasho, kutetemeka, kuongea kama mlevi, hata kuzimia. Wala asiache dawa eti anakula karanga. Na akishikwa na hali hiyo, usimpe donati yetu, haitamsaidia kitu! Mpe sukari yenyewe, vijiko vitatu ao vinne vya chai ndani ya maji, haraka, maadamu anaweza kumeza. Angalia dakika kumi na tano. Bado? Mpe tena. Aliyezimia usimmwagie kitu mdomoni, mkimbize kituo cha afya. Kwa hiyo hata nyumba isiyopika na sukari sherti iwe na pakiti moja mahali ambapo hata watoto wanapajua.

Kikao kijacho tutaoka pamoja, hapa hapa nje. Mbabula mbili tunazo na sanduku la chama litanunua mayai. Kila jirani alete kikombe cha karanga zilizochaguliwa, na mwenye sufuria kubwa isiyovuja kifuniko atuambie kabla hajatoka leo. Wale mliokuwa mnapitisha sahani, mtakaa karibu na moto.