Wahindi Wangapi Katika Neno Moja? Majina, Lugha na Jamii katika Mji wa Mwanza



Ukimwuliza mchuuzi wa samaki pale Mwanza ana nini leo, hatakujibu kwamba ana samaki. Atakutajia sato, sangara, kambare, furu na dagaa, kila mmoja na bei yake. Lakini mwulize mchuuzi huyohuyo ni akina nani wenye maduka ya katikati ya mji, naye atakujibu kwa neno moja: Wahindi. Mhadhara wangu unahusu neno hilo. Nakusudia kuonyesha kwamba limebebeshwa mzigo unaozidi uwezo wake, na kwamba mzigo huo uliwahi kuwaangukia watu usiowahusu.

Tuanze na lugha, maana ndiyo kazi yetu. Jamii hizi zilifika Mwanza kwa njia mbalimbali: wengine kwa misafara ya kutoka pwani, wengine kwa reli ya Mombasa iliyofika Kisumu mwaka 1901 na kisha kwa meli za ziwani, na wengine kwa reli ya kutoka Tabora iliyokamilika mwaka 1928. Katika wote hao, Kihindi hakikuwa lugha ya mama ya walio wengi. Walohana na Wapateli walisema Kigujarati. Bohora wana Kigujarati chao kilichosheheni maneno ya Kiarabu. Makhoja wengi walisema Kikachi, ambacho wanaisimu hukiweka karibu na Kisindhi kuliko Kigujarati. Kalasinga walikuja na Kipunjabi, na Wagoa na Kikonkani. Kumwambia Mgoa na Kalasinga kwamba lugha yao ni moja kwa kuwa wote ni Wahindi ni sawa na kumwambia Mkerewe kwamba lugha yake ni Kisukuma kwa kuwa wote wanakula dagaa. Malcolm Guthrie aliziweka lugha hizo mbili katika kanda tofauti, E na F, na sidhani kama Wakerewe walihitaji kusubiri Guthrie awaambie.

Dini nazo zinaongeza fundo. Mapokeo ya Makhoja yanasema kwamba wahenga wao walikuwa Walohana, yaani Wahindu, waliosilimu. Kisha katika karne ya 19 Makhoja wenyewe wakagawanyika, wengi wakabaki Ismailia wanaomfuata Aga Khan, wengine wakawa Ithnaasheri. Kwa hiyo ndani ya Mwanza wamo watu wenye babu mmoja wa kale, lugha ya nyumbani inayofanana na mapishi yanayokaribiana, lakini mmoja husali hekaluni, wa pili jamatkhana na wa tatu msikitini. Na likizuka suala la posa, kila mmoja hukumbuka ghafla kwamba hao wengine si watu wa kwao.

Tuseme sasa kwamba mwenyeji mmoja mkarimu wa Mwanza ameamua kuwaalika "Wahindi" chakula cha jioni, naye, kama ilivyo ada ya ziwani, akapika samaki. Mjaini hatagusa samaki, na kwa kuwa wengi wao huepuka hata viazi na vitunguu vinavyokua chini ya ardhi, mchuzi nao umekwisha mponyoka. Banyani wa karibu naye ataomba dengu. Ithnaasheri na Bohora watauliza kwanza kama samaki huyo alikuwa na magamba: sato atapita, kambare atarudishwa jikoni. Mmemoni, ambaye ni Sunni wa madhehebu ya Hanafi, atampokea kambare huyo kwa moyo mkunjufu. Mgoa, ambaye ni Mkatoliki, atakula kila kilichobaki na kuuliza kama kuna divai. Mwenyeji wetu aliwaalika watu wa kabila moja. Amejikuta na meza sita.

Hebu tuyaangalie maneno yenyewe. Abdulaziz Lodhi, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu athari za lugha za Mashariki katika Kiswahili, ameonyesha jinsi hazina hii ilivyo kubwa. Mimi nitachukua maneno manne tu. Dobi na sonara, huko yalikotoka, ni majina ya jamii za kuzaliwa: mtoto wa dobi alikuwa dobi hata kama hajawahi kufua leso. Kiswahili kiliyapokea na kuyavua urithi. Leo Msukuma yeyote mwenye pasi na beseni ni dobi, na akiacha kazi Ijumaa, Jumamosi si dobi tena. Banyani lilipita njia tofauti. Lilikuwa jina la jamii za wafanyabiashara. Kiswahili kikalipanua hadi likawajumuisha Wahindu wote, wakiwamo waashi na walimu wasiowahi kuuza hata kiberiti. Na bepari, neno lililomaanisha mfanyabiashara tu, likapata kiambishi cha u- na kuwa itikadi nzima ya kupigwa vita.

Hapo ndipo kicheko kinapopungua. Katika nchi ya Wasukuma, wakulima wa pamba walilalamikia mizani ya wanunuzi, na malalamiko yao yalikuwa na msingi. Chini ya uongozi wa Paul Bomani waliunda Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria mwaka 1955, wakajitwalia biashara ya pamba yao. Hiyo ni historia ya kujivunia. Lakini wenye mizani na vinu vya kuchambulia pamba walikuwa wachache, na lugha haikuwa na neno la wachache hao. Ilisema "mizani ya Wahindi", na fundi seremala Kalasinga na karani Mgoa wakahesabiwa humo. Azimio la Arusha lilipotangazwa Februari 1967, Mwalimu Nyerere alilazimika kuandika mwezi huohuo kwamba ujamaa si ubaguzi wa rangi. Kiongozi haandiki jambo kama hilo pasipo haja. Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Sheria hiyo haikutaja rangi ya mtu. Hata hivyo wengi walioguswa walikuwa wa asili ya Kiasia, na wengi wakahama. Mwanaisimu hawezi kuacha kuona kwamba kipimo cha nyumba ya bepari kilikuwa laki moja, na laki nayo ilitoka Bara Hindi.

Haki inanidai niseme upande wa pili. Katika maduka yaleyale, Msukuma, Mkerewe, Mkara, Mzinza na Mjita waliitwa kwa jina moja vilevile, na mara nyingi halikuwa jina la heshima. Kila upande ulijua makundi ya nyumbani kwake kwa majina yote, na ukawatazama jirani kama mtu atazamaye ng'ambo ya ziwa: haoni miti, anaona mstari mmoja wa kijani.

Wanafunzi wangu, wavuvi wetu waliita furu samaki ambao wataalamu wanawakadiria kuwa aina 500 hivi. Watafiti kutoka Leiden walianza kuwachunguza katika Ghuba ya Mwanza mwaka 1977. Katika miaka ya 1980 sangara alipozidi, aina nyingi zilitoweka, baadhi kabla ya kupewa jina. Jamii ninazozizungumzia nazo zimepungua sana, na vijana wao wengi wanaelekea kwenye Kiingereza. Kikachi cha Mwanza, chenye maneno ya Kiswahili yaliyokwisha kuota mizizi ndani yake, bado kina wazee wanaokisema. Nendeni na vinasa sauti. Mkifika, msiwaulize kama wao ni Wahindi. Waulizeni nyumbani kwao wanajiitaje, kisha mnyamaze, mwandike. Mtawasikia wakijieleza kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha ambayo Bohora, Kalasinga na Msukuma wote wanaimiliki, na hakuna hata mmoja wao anayeweza kumwambia mwenzake kwamba ni ya kwao peke yao.