Mawese na Nuru ya Macho

Enyi ndugu, mtoto aonaye vema mchana, kisha jua likichwa akajikwaa kizingitini, si mvivu wala hakurogwa. Yamkini mwili wake umepungukiwa na vitamini A. Mwaka 1913, Elmer McCollum na Marguerite Davis wa Wisconsin, Marekani, walitambua kwamba panya hawakui bila kitu kilichomo katika siagi na kiini cha yai. Ndicho hicho. Kikikosekana, macho hukauka hata kupofuka, na surua humlemea mtoto hata kumwua. Kinga i karibu: mawese mekundu ya Rumonge, yauzwayo masokoni Bujumbura. Lakini yakichomwa hata yakawa meupe, faida hiyo hupotea. Basi, akina mama, msiyachome. Na mtoto asiyeona magharibi apelekwe hospitali mapema.