Nani Huilinda Amani Iliyotiwa Saini?

(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei, Jozani, Unguja)



Tumekutana hapa Jozani ili kutafakari swali moja: mapatano yakishatiwa saini, ni nani anayebaki kuyalinda?

Tuanze na majirani zetu. Tarehe 4 Agosti 1993, Serikali ya Rwanda na chama cha RPF walitia saini mapatano mjini Arusha ili kumaliza vita vilivyoanza Oktoba 1990. Umoja wa Mataifa ulipeleka askari wapatao 2,500 kusimamia utekelezaji, bila kuwapa mamlaka wala zana za kutosha. Mauaji yalipoanza Aprili 1994, Baraza la Usalama liliamua, tarehe 21 ya mwezi huo, wapunguzwe wabaki 270. Mamia ya maelfu ya watu waliuawa. Msimamizi asiye na nguvu huwapa wanyonge tumaini lisiloweza kuwakinga.

Burundi ilipata mapatano yake Arusha tarehe 28 Agosti 2000, chini ya Nelson Mandela, aliyeipokea kazi hiyo baada ya kifo cha Mwalimu Nyerere. Iliundwa kamati ya kufuatilia utekelezaji, ambamo wageni na Warundi walikaa meza moja. Hata hivyo vita havikukoma, kwa kuwa makundi mawili makubwa yenye silaha hayakuwamo katika mapatano. Ilibidi kuyafuata na kuzungumza nayo. Yalikuja majeshi ya Umoja wa Afrika mwaka 2003, kisha ya Umoja wa Mataifa mwaka 2004, na uchaguzi ukafanyika mwaka 2005. Usimamizi ulihitaji nguvu, na ulihitaji pia uvumilivu.

Na sisi Wazanzibari? Hatukupigana vita kama hivyo, lakini uchungu wa mgogoro tunaujua. Muafaka wa CCM na CUF ulitiwa saini Juni 1999 kwa usuluhishi wa Jumuiya ya Madola. Mengi yaliyoahidiwa hayakutekelezwa kabla ya uchaguzi wa Oktoba 2000. Mwishoni mwa Januari 2001, watu zaidi ya 30 waliuawa, na wengine zaidi ya 2,000 walivuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Muafaka wa pili, wa tarehe 10 Oktoba 2001, uliunda tume ya pamoja ya vyama hivyo ili kuusimamia.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Msimamizi wa kutoka nje huondoka kabla ya siku ya tatu. Jembe hubaki mikononi mwetu. Basi tusome kilichoahidiwa, tujue kiliahidiwa na nani na kwa tarehe gani, na tuulize bila woga wala matusi. Tufanye hivyo pamoja na jirani zetu Waislamu, kwani damu ikimwagika haiulizi dini.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya:

1. Ni ahadi gani ya viongozi wetu tunayoweza kuifuatilia sisi wenyewe?

2. Katika mtaa wetu, ni nani aliyeachwa nje ya mazungumzo?